Haya Isiwe Sababu ya Kuficha Ugonjwa

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu aliyemuumba mwanadamu, akampa mwili huu uwe amana mikononi mwake. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu Waislamu, leo twataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo watu hawapendi kulitaja barazani, na wengi hawalitaji hata nyumbani kwao. Jambo lenyewe ni damu katika mkojo wa mwanamume, na ugonjwa mkubwa ambao huenda ukawa nyuma ya damu hiyo, yaani saratani ya kibofu. Twajua kuwa wako watakaosema kwamba jarida la dini si mahali pa maneno kama haya. Twawajibu kuwa vitabu vya fiqhi tunavyowasomesha vijana wetu huanza na mlango wa twahara, na katika mlango huo hutajwa mkojo, na istinja, na madhi, na manii, bila ya kificho. Dini iliyotufundisha adabu za kuingia chooni na kutoka haioni aibu kutufundisha pia kuziangalia afya zetu tukiwa huko.

Kibofu ni mfuko wa nyama ulioko chini ya kitovu, ndani ya nyonga. Figo mbili huichuja damu usiku na mchana, na takataka zinazotolewa hushuka pamoja na maji kwa mirija miwili mpaka katika mfuko huo, zikakaa humo saa nyingi mpaka mtu aende haja ndogo. Kwa hivyo sumu iliyoingia mwilini kwa kinywa, au kwa pumzi, au kwa ngozi, ikachujwa na figo, hukaa ndani ya kibofu ikigusa utando laini wa ndani yake. Utando huo ukiteswa miaka mingi, chembe zake huharibika, kisha huanza kukua bila ya mpango na kuvuka mipaka yao. Hiyo ndiyo saratani. Katika mwaka 2022 ugonjwa huu uligunduliwa kwa watu zaidi ya 600,000 duniani, na katika kila wanne wao, watatu hivi walikuwa wanaume. Wanawake nao hupatwa, lakini leo nasaha yetu twaielekeza kwa wanaume, kwani ndio wanaopatwa zaidi, na ndio wanaoficha.

Alama ya kwanza, na mara nyingi ndiyo ya pekee kwa muda mrefu, ni damu katika mkojo isiyokuwa na maumivu. Mkojo huenda ukawa mwekundu wazi, au wa rangi ya waridi, au kama chai ya rangi iliyokolea, au kama kutu. Pengine damu hutoka na madonge. Na lililowahadaa watu wengi ni kuwa damu hiyo huja siku moja kisha ikaondoka, mkojo ukarudi kuwa safi juma zima, au mwezi, au hata miezi, na mtu akamshukuru Mola wake akidhani amepona. Kuondoka kwa damu si dalili ya kupona. Alama nyengine ni kwenda haja ndogo mara nyingi kuliko ada, na kubanwa na mkojo kwa ghafla, na kuungua au kuumwa wakati wa kukojoa, na mkojo kutoka kwa taabu. Ugonjwa ukiwa umekwenda mbali, huja maumivu ya kiuno upande mmoja, na kukonda, na miguu kuvimba, na maumivu ya mifupa, na hata mtu kushindwa kukojoa kabisa.

Hatusemi kuwa kila mwenye kuona damu ana saratani. Damu huletwa pia na kichocho, na vijiwe vya figo na kibofu, na uambukizo katika njia ya mkojo, na kukua kwa tezi dume kwa watu wazima. Na mkojo waweza kuwa mwekundu bila ya damu yoyote, kama kwa aliyekula viazi vyekundu vya bitiruti, au anayemeza dawa za kifua kikuu. Wengi wanaoona damu hawakutwi na saratani. Lakini mtu hawezi kuyapambanua hayo kwa kukaa na kukisia. Yeyote aliyeona damu, ijapokuwa mara moja tu, na ijapokuwa imeondoka, yampasa aende akapimwe katika juma lile lile.

Basi kwa nini haendi? Sababu ya kwanza ni haya. Mwanamume huona damu, na fikira inayomjia kwanza ni kisonono. Huona kuwa akisema, mkewe atamdhania zina, na daktari atamtazama kwa jicho baya, na habari itafika msikitini. Huenda usiku katika duka la dawa, akasema kwa sauti ya chini kuwa anaungua mkojo, akapewa vidonge. Siku ya tatu damu hukoma, kwani ni tabia yake kukoma, naye akavisifu vidonge. Miezi minne baadaye ikirudi, hununua vidonge vile vile. Mwaka mzima hupita hivyo, na kile kilichokuwa kijipele juu ya utando kimekwisha kuzamisha mizizi katika nyama ya kibofu.

Ndugu zetu, hiyo siyo haya iliyosifiwa katika dini. Haya iliyo tawi la imani ni ile imzuiayo mtu kufanya maovu. Mtu hakufanya ovu lolote kwa kutokwa na damu. Na tuwatazame walio bora kuliko sisi. Sayyidna Ali (R.A.) alikuwa akitokwa na madhi kwa wingi, akaona haya kumuuliza Mtume (S.A.W.) kwa kuwa amemuoa binti yake. Je, alinyamaza? Hakunyamaza, bali alimtuma Miqdad (R.A.) akamuulizie, na jawabu ikapatikana, na mpaka leo twaisomesha. Na Ummu Sulaym (R.A.), naye ni mwanamke, alimuuliza Mtume waziwazi juu ya ndoto ya mwanamke, akatanguliza kusema kuwa Mwenyezi Mungu haionei haki haya. Ikiwa haya ya Ali haikumzuia kutafuta ilimu ya udhu wake, vipi haya yetu ituzuie kutafuta dawa ya uhai wetu? Mwenye kushindwa kusema na amtume ndugu yake au rafiki yake amsemee, kama alivyofanya Ali.

Na enyi mnaopewa siri hizi, wake kwa waume, jiepusheni na dhana mbaya. Mwenye kumdhania mgonjwa zina bila ya ushahidi amepata dhambi, na pengine amemfunga mdomo mtu ambaye angeliokoka. Na ama kufunua uchi mbele ya daktari, wanavyuoni wetu wa fiqhi wamekubaliana kuwa yajuzu kwa haja ya dawa, kwa kiasi cha haja hiyo. Na mwanamume atangulize daktari mwanamume akipatikana.

Sasa tutazame ugonjwa huu hutokana na nini, kwani kinga ni bora kuliko tiba. Sisi watu wa pwani tuna mlango mmoja ambao miji ya Ulaya haina, nao ni kichocho. Kwale, na Kilifi, na Tana River, na ng'ambo ya mpaka huko Unguja na Pemba, ugonjwa huu wajulikana tangu zama. Wakaao mijini Mombasa au Malindi wasiseme kuwa hauwahusu. Wangapi wetu tulilelewa mashambani, tukaogelea mabwawani na mitoni utotoni? Na wangapi huwapeleka watoto shamba wakati wa likizo?

Kichocho huenda kwa mzunguko. Mtu mwenye kichocho hukojoa katika maji baridi yaliyotuama au yendayo polepole. Mayai ya mdudu yaliyomo katika mkojo wake huangua humo majini, na vijidudu vitokavyo huingia katika konokono wadogo wa maji. Baada ya majuma kadhaa hutoka katika konokono kwa maelfu, na mtu aingiapo majini humtoboa ngozi bila ya yeye kujua. Huenda mpaka katika mishipa iliyo karibu na kibofu, wakakua, wakataga mayai. Mengine ya mayai hutoka kwa mkojo pamoja na damu, na mengine hukwama katika ukuta wa kibofu, yakawa kidonda kisichopoa miaka na miaka.

Nchi iliyoonja taabu hii kuliko nyengine ni Misri. Huko Cairo ndiko daktari Mjerumani Theodor Bilharz alikomgundua mdudu huyu, mwaka 1851. Na huko huko, mwaka 1915, Mwingereza Robert Leiper alithibitisha kuwa njia yake ni konokono. Zamani zake ni za mbali, kwani mayai yake yalionekana katika maiti za kale za Mafirauni zilizokaushwa. Wakulima wa Mto Nile walisimama katika mifereji ya kumwagia mashamba tangu utoto, na mwaka 1911 daktari Ferguson wa Cairo aliandika juu ya uhusiano wa kichocho na saratani ya kibofu. Kwa miaka mingi saratani hii ikawa ndiyo ya kwanza kwa wanaume wa Misri, ikawashika wangali na miaka 40 na 50, wakati wana wao bado wadogo. Mwaka 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilikata shauri kuwa mdudu wa kichocho cha mkojo ni miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa hakika. Na kichocho kilipopigwa vita Misri kwa vidonge, aina ile ya saratani ilipungua sana. Hiyo ndiyo habari njema ndani ya msiba: mlango huu wafungika.

Na sisi Waislamu tuliamrishwa kuufunga zamani. Mtume (S.A.W.) alikataza mtu asikojoe katika maji yaliyotuama kisha akaoga humo, na akatahadharisha juu ya kujisaidia penye maji wanapoyafuata watu. Hatusemi kuwa hadithi hizo zilikuja kufundisha habari za konokono. Sisi tungezitii hata kama konokono hayuko. Lakini hebu fikirini. Lau watu wa vijiji vyetu wangelishika katazo hili moja barabara, mayai yangelifikaje majini? Mzunguko wote ungekatika hapo. Twalisoma katazo hili chuoni, tukalihifadhi, kisha tukawaacha watoto wetu wakojoe bwawani mbele ya macho yetu, tukasema ni watoto.

Na yapo makosa mawili tunayotaka kuyaondoa. La kwanza ni kudhani kuwa maji yaliyo twahara ni lazima yawe salama. Fiqhi yetu yasema kuwa maji yaliyofika kulateni hayanajisiki maadamu rangi yake, na ladha yake, na harufu yake havikubadilika kwa najisi. Hiyo ni hukumu ya kuswihi kwa udhu na josho, wala si cheti cha daktari. Bwawa kubwa laweza kuwa twahara kisheria na huku limejaa vijidudu vya kichocho. Mwenye kupata maji ya bomba au ya kisima kilichofunikwa asiende bwawani. Na asiye na budi na maji ya bwawa na ayateke ayaweke siku mbili nzima katika chombo kisicho na konokono, au ayapashe moto sana, kabla ya kuyaogea. Kwani vijidudu hivyo havidumu zaidi ya hapo vikikosa mwili wa kuingia. Maji ya bahari hayana kichocho.

Kosa la pili ni kuona kuwa damu katika mkojo wa mvulana ni alama ya kuwa mtu mzima. Fikira hii imeenea katika vijiji vingi vya Afrika. Alama za kubaleghe kwa mvulana twazijua: kutokwa na manii, au kutimiza miaka 15 kwa hisabu ya mwezi. Damu haimo. Mvulana akikojoa damu ni mgonjwa, na dawa yake ni vidonge vya prazikwanteli, ambavyo hupimwa kwa uzito wake na aghalabu humezwa katika siku moja. Na wazee wasidhani kuwa dawa hiyo ni ya watoto wa shule peke yao: tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani limeagiza kuwa katika sehemu zenye kichocho watu wazima nao wapewe. Tena dawa huua wadudu, lakini haifuti makovu ya zamani. Kwa hivyo aliyeugua kichocho miaka mingi utotoni, hata akiwa ametibiwa, na aendelee kuuangalia mkojo wake.

Mlango wa pili, ambao ni mpana kuliko wote duniani, ni tumbaku. Watu hudhani kuwa sigara hudhuru mapafu tu. Moshi uingiapo mapafuni, sumu zake hupita katika damu, damu huchujwa na figo, na sumu hushuka kibofuni zikakaa humo mpaka mtu akojoe. Mwenye kuvuta sigara hatari yake ya kupata saratani hii yafika mara 3 ya asiyevuta, au zaidi. Na katika nchi ambazo hazina kichocho, takriban nusu ya wagonjwa wote ni kwa sababu ya tumbaku. Wala shisha haina usalama, kwani maji yaliyomo chomboni huupoza moshi wala hayauondolei sumu. Wanavyuoni wa zamani walihitalifiana juu ya hukumu ya tumbaku: wako walioiharimisha, na wako walioikirihisha, na wako walioihalalisha. Wengi wao hawakuwa na ilimu tuliyo nayo leo juu ya madhara yake. Ama sisi, hoja imekwisha kutusimamia. Mtu haruhusiwi kujiangamiza kwa mkono wake, wala kumdhuru anayekaa naye chumba kimoja. Na mwenye kuiacha leo hatari yake huanza kupungua mwaka baada ya mwaka, ingawa huchukua muda mrefu. Basi asiseme kuwa amekwisha kuchelewa.

Mlango wa tatu ni kazi. Mwaka 1895 daktari Ludwig Rehn wa Frankfurt aliona kuwa saratani ya kibofu imewashika wafanyakazi wa kiwanda cha rangi za nguo, na tangu hapo ikajulikana kuwa zipo dawa za viwandani zinazoleta ugonjwa huu. Walio katika hatari ni wafanyao kazi ya kupaka rangi, na ya kutengeneza mipira, na ya ngozi, na wengineo wanaoshika rangi na mafuta ya kemia kila siku. Fundi na avae glavu, afungue madirisha, asile chakula kwa mikono yenye rangi, na avue nguo za kazi kabla ya kumpakata mwanawe. Na tajiri aliyemuajiri ana dhima ya kumpa vitu hivyo, kwani mwili wa mfanyakazi haukuuzwa pamoja na kazi yake.

Huenda mtu akasema: ajali imekwisha kuandikwa, na kupima hakuongezi siku. Twamjibu kwa kisa cha Sayyidna Umar (R.A.). Alipokuwa njiani kwenda Sham akapata habari ya tauni, alirudi na watu wake. Abu Ubayda (R.A.) alipomuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, alimfahamisha kuwa aikimbia kadari moja kuiendea nyengine. Na Mtume (S.A.W.) alipoulizwa na Mabedui kama wajitibu, aliwaambia wajitibu, akawafundisha kuwa hapana maradhi ila yameteremshiwa dawa, isipokuwa uzee. Kutegemea kwa kweli ni kufunga ngamia kisha kutegemea.

Mwengine atasema: huyu amechezewa, na damu hii ni ya mashetani, apelekwe kwa mganga. Sisi hatukatazi dua wala kumsomea mgonjwa Qur'ani, kwani ni sunna. Twakataza mgonjwa kucheleweshwa. Anayemwambia mwenye damu asiende hospitali mpaka amalize siku 40 za uganga wake amembebea mgonjwa dhima kubwa. Somewa usiku, na asubuhi uende ukapimwe; hapana mgongano.

Na yuko wa tatu, naye ndiye tunayemhurumia zaidi, ambaye akataa matibabu kwa kuchelea swala yake. Amesikia kuwa hospitali hutia mpira wa mkojo, na kuwa wengine hutolewa kibofu wakabaki na mfuko wa mkojo ubavuni, naye auliza: nitaswali vipi na najisi i pamoja nami? Ndugu yetu, sheria ilikwisha kukujibu. Mwenye kutokwa na mkojo daima hujisafisha na kujihifadhi kiasi awezavyo baada ya kuingia wakati, akatia udhu, akaswali faradhi yake pamoja na sunna azitakazo, kisha akafanya hivyo kwa kila faradhi. Na kinachomtoka kwa maradhi baada ya hapo kimesamehewa. Mwenye mpira au mfuko ni katika hukumu hiyo. Na aliyeona damu katika mkojo hapaswi na josho. Huosha, akatia udhu, akaswali. Mola hakukutaka ufe kwa ajili ya kuhifadhi udhu.

Tena yafaa watu wajue kuwa ugonjwa huu ukiwahiwa una matumaini makubwa. Ukiwa bado uko juu ya utando, daktari huukwangua kwa chombo chembamba kinachopita njia ya mkojo, bila ya kupasua tumbo. Pengine hutia dawa ndani ya kibofu, na mojawapo ni ile ile chanjo ya BCG wapigwayo watoto wachanga kwa ajili ya kifua kikuu. Daktari Alvaro Morales na wenzake huko Kanada ndio walioeleza manufaa yake kwa kibofu mwaka 1976. Lakini saratani hii ina tabia ya kurudi, basi mgonjwa asipuuze miadi ya kuangaliwa hata akijiona mzima. Ama ukiwa umeingia katika nyama ya kibofu, hapo huhitajiwa kukitoa kibofu, au mionzi, au dawa kali, na matumaini ya kupona hupungua. Tofauti ya hali hizi mbili mara nyingi ni miezi ile ambayo mtu alikaa kimya.

Hakuna kipimo wanachoitiwa wanaume wote wazima kutafuta saratani hii kabla ya alama, kama vilivyoko vipimo vya maradhi mengine. Mlinzi wa kwanza ni jicho la mtu mwenyewe. Na nani afaaye kuiona damu mapema kuliko Muislamu, ambaye kila siku hustanji, na ambaye amefundishwa kujichunga na mkojo tangu utoto? Ila vyoo vyetu vingi vina giza, na mkojo hupotea kabla ya kuonekana. Kwa hivyo twamnasihi kila aliyepita miaka 40, na hasa aliyevuta sigara au kuoga mabwawani, auangalie mkojo wake mchana penye mwangaza.

Akiona damu, afanye hivi. Aende kwa daktari, aseme kwa ulimi wazi: nimekojoa damu. Aeleze kama avuta au alivuta sigara, kazi yake ni ipi, na kama aliwahi kuugua kichocho. Akubali kupimwa mkojo. Na kwa kutafuta mayai ya kichocho, mkojo ulio bora ni wa baina ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, ndipo mayai hutoka kwa wingi. Akipewa dawa ya uambukizo, amalize, kisha arudi apimwe tena. Na damu ikiwa ingaliko, au ikirudi, au sababu yake haikuonekana, asikubali vidonge vya mara ya pili na ya tatu bila ya uchunguzi. Aombe apigwe picha ya altrasaundi, na apelekwe kwa daktari wa njia za mkojo atazamwe ndani ya kibofu kwa kamera nyembamba. Hayo si ukaidi kwa daktari, ni haki yake.

Na jamaa wa misikiti wana wajibu wao. Maskini aliyeambiwa aende hospitali kubwa akakosa nauli ni katika wanaostahiki zaka na sadaka zetu. Fedha za kununua zulia jipya zaweza kungoja. Damu ya mtu haingoji. Maimamu nao walitaje jambo hili katika hotuba zao japo mara moja kwa mwaka, ili mwenye kuficha ajue kuwa hayuko peke yake.

Ewe Mola wetu, tupe afya katika miili yetu na katika dini yetu, waponye wagonjwa wetu wanaosema na wasioweza kusema, utuondolee haya inayotuzuia na kheri, na utubakishie haya inayotuzuia na shari. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na masahaba zake. Amin.